Kilimanjaro, Mlima wa Makala

Kuna imani moja imeota mizizi vyuoni, wizarani na katika mashirika yanayofadhili uhifadhi wa milima: kwamba taasisi ya utafiti hupimwa kwa makala ilizochapisha, na makala hizo zikinukuliwa sana, basi mlima umepata mlinzi. Imani hii haitangazwi kwa sauti kubwa, wala haina haja ya kutangazwa. Imo kwenye fomu za kupandishwa vyeo, kwenye maombi ya ruzuku, kwenye hotuba za kufungua warsha, na kwenye kurasa za mwanzo za ripoti za mwaka, pale penye grafu ya nguzo zinazopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Nguzo zikipanda, ukumbi hupiga makofi na chai huletwa.

Nitaijibu imani hiyo kwa kuutumia Kilimanjaro, nikipitia Usambara Mashariki na Udzungwa pale ambapo ushahidi ni mkali zaidi. Kwanza, haki ya wanaoiamini. Wanasema hivi: makala iliyopita mikononi mwa wahakiki ni kipimo kisichonunulika kwa undugu wala kwa bahasha, kwa sababu mhakiki aliye Bergen hamjui mkuu wa idara aliye Morogoro. Wanasema mlima kama huu ni maabara ya dunia. Kutoka savana ya chini hadi kilele cha mita 5,895 umepanga kwa ngazi tabia za nchi ambazo kwingineko ungevuka mabara kuziona, hivyo anayeutafiti ana deni la kuieleza dunia. Wanasema machapisho huleta fedha, na fedha huleta vifaa na nafasi za masomo kwa vijana wetu. Wanasema mwanasayansi si diwani wala bwana shamba; yeye autafute ukweli, wengine wautumie. Mwisho wanasema sayansi ni ya muda mrefu, na anayedai matokeo kesho asubuhi hajui anachodai.

Hoja hizo zina uzito. Ubaya wake ni kwamba kila moja, ukiifuata hadi mlimani, inamgeuka mwenyewe.

1. "Kinachonukuliwa ndicho kinachougusa mlima"

Tuanze na barafu, maana ndiyo iliyoupa mlima huu jina kubwa katika majarida. Mwaka 2000 kikosi kilichoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State kilitoboa barafu ya kileleni na kutoa nguzo sita, zikasafirishwa hadi Columbus, Marekani, kuhifadhiwa kwenye mafriza. Mwaka 2002 jarida la Science likatoa matokeo: barafu iliyokuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 12 mwaka 1912 ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 80, na kwa mwendo ule ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Makala ikazunguka dunia. Kilimanjaro ukawa picha rasmi ya mabadiliko ya tabianchi, hadi kwenye filamu ya Al Gore ya mwaka 2006.

Mwaka 2020 umepita. Barafu imezidi kusinyaa, lakini ipo. Sitaki kumcheka mwanasayansi kwa kukosa tarehe. Makadirio ni makadirio, na mwelekeo aliouona ni wa kweli. Ninachouliza ni kingine: umaarufu wote ule ulibadili nini kati ya Machame na Marangu?

Wakati dunia ikiikodolea macho barafu, mwanaikolojia Andreas Hemp alichapisha mwaka 2005, katika Global Change Biology, hoja isiyopendwa na wapiga picha: kwa maji ya watu walio chini, moto unaoila misitu ya juu ni balaa kubwa kuliko barafu inayoisha. Msitu ndio unaonasa ukungu na kuhifadhi mvua. Mchango wa barafu katika chemchemi za chini ni mdogo mno. Kwa hiyo anayeyawazia maji ya Moshi angeanza kwa kuangalia moshi.

Oktoba 11, 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu kati ya Mandara na Horombo. TANAPA ilitaja chanzo: wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu, wengi wao wa kujitolea, wakapanda kuuzima. Ulipodhibitiwa, kilomita za mraba zipatazo 95 zilikuwa zimeungua. Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii upande wa Karanga.

Kati ya makala ya 2005 na moto wa 2020 kuna miaka 15. Kwa hesabu ya machapisho, miaka hiyo ilikuwa ya neema. Makala ilisomwa, ikajadiliwa, ikazaa makala nyingine. Lakini hakuna safu katika ripoti yoyote ya machapisho inayouliza kama kuna jiko moja la mpagazi lililohamishiwa mahali salama kwa sababu ya makala ile. Kunukuliwa ni wasomi kuzungumza na wasomi. Mlima hauhudhurii mazungumzo hayo, na moto hausubiri yaishe.

2. "Mzani wa makala hauna upendeleo"

Kigezo cha athari cha majarida, ambacho leo kinatumika kuwapanga watafiti kama shule kwenye matokeo ya kidato cha nne, kilibuniwa na Eugene Garfield kwa kazi ndogo zaidi: kuchagua majarida ya kuingizwa kwenye faharasa na kuwasaidia wakutubi kujua walipie yapi. Hakikuundwa kupima mtu, sembuse mlima. Mwaka 2012 wahariri na wachapishaji wa majarida wenyewe, waliokutana San Francisco, waliandika azimio la kukataa kigezo hicho kisitumike kumwajiri wala kumpandisha cheo mtafiti. Sisi tukaenda upande wa pili. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilitenga shilingi bilioni 1 za kuwatuza watafiti watakaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi ya juu, shilingi milioni 50 kila mmoja. Wenzetu wanakitupa kigezo, sisi tunakifungulia akaunti.

Lakini upendeleo mkubwa haupo kwenye tuzo. Upo kwenye swali linalochaguliwa kuulizwa. Barafu, spishi mpya na mti mrefu kuliko yote vina soko. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, hauna. Wachagga walichimba mifongo kwenye miteremko ya mlima huu vizazi vingi kabla ya chuo kikuu cha kwanza kufunguliwa katika nchi hii, na hadi leo uhai wa mashamba mengi unategemea mambo madogo: nani asafishe matope, zamu ya nani maji yakipungua, banio libomoke nani achange. Mtafiti akikaa miaka mitatu Kirua Vunjo kuchunguza zamu hizo atapata kitu ambacho kamati ya mfongo inaweza kukitumia Jumatatu inayofuata. Akikipeleka kwenye jarida kubwa, swali la kwanza la mhariri litakuwa umuhimu wake kwa dunia. Akijibu kwamba umuhimu wake ni kwa Kirua Vunjo, amejifukuza mwenyewe.

Kuna na gharama ya mlango. Mwaka 2021, aliyetaka makala yake katika Nature isomwe bure na kila mtu aliombwa ada ya euro 9,500. Asiyelipa, makala hukaa nyuma ya ukuta wa malipo, ambako mhifadhi wa wilaya hafiki. Na yule mwenyeji aliyembebea mtafiti vifaa, akamwonyesha njia ya korongo, akamtajia kila mti kwa Kichaga na kazi yake? Yeye yumo kwenye aya ya shukrani, mara nyingi kwa jina la kwanza tu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumewasifia watafiti wetu kwa wingi wa machapisho. Tusishangae utafiti mmoja ukikatwakatwa kuwa makala tano.

3. "Maarifa hushuka yenyewe"

Hapa ndipo hoja ya "mimi si bwana shamba" inapoishi. Mtafiti achapishe, maarifa yatateremka: kwa watunga sera, kwa maofisa ugani, kwa mkulima. Ajabu ni kwamba makala za mtu huyohuyo anayekataa kazi ya diwani huwa na aya ya mwisho inayoanza na "watunga sera wanapaswa". Kumwagiza diwani anaona ni sayansi, kukutana naye anaona ni siasa.

Tuangalie jambo moja kwa karibu. Mwaka 2014 jarida la Royal Society la London lilichapisha utafiti uliofanywa kwenye kahawa ya Kilimanjaro. Watafiti waliifunika baadhi ya mibuni kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie, na maua ya mingine wakayafunika kwa vitambaa vyepesi nyuki wasiyaguse. Kisha wakahesabu na kupima. Pale ndege na popo walipokuwa huru, matunda yaliyoshika yaliongezeka kwa asilimia 9. Pale nyuki na wachavushaji wengine walipofika, uzito wa tunda uliongezeka kwa asilimia 7. Kazi safi, yenye jibu ambalo mkulima angelielewa hata bila kujua takwimu: popo unayemfukuza anakulindia kahawa, na mti mkubwa unaotaka kuukata kihambani, kwenye shamba la nyumbani, ndio nyumba yake.

Sasa fikiria jibu hilo linasafirije. Kutoka kihambani linakwenda kwenye kompyuta, kutoka kwenye kompyuta hadi London, kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kurudi kunategemea mtu: ofisa ugani wa kata, chama cha msingi cha ushirika, redio ya Moshi, mwalimu wa sayansi. Kwa kawaida hakuna kati yao anayelipwa na ruzuku inayonunua nyavu. Ruzuku za aina hiyo huwa na bajeti ya vifaa na ya uchapishaji, kisha huisha. Maarifa ni kama maji ya mfongo: hayafiki shambani kwa sababu tu chanzo kipo juu, lazima watu washuke na majembe kila msimu kuondoa matope. Taasisi zetu zinalipa wachimba chanzo na kumwachia Mungu kazi ya majembe.

Utafiti ule ulikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa Kijerumani uliofanya kazi mlimani kuanzia 2010 hadi 2018, ukiwa na viwanja 60 vya utafiti kutoka mashamba ya mahindi hadi nyika za juu. Mwaka 2019 ulifikisha matokeo yake ya jumla katika Nature. Jumla hiyo iligusa kila mwinuko na kila aina ya matumizi ya ardhi. Kwa kipimo kinachosifiwa, hapo ndipo mwisho wa safari, bendera imesimikwa kileleni. Kwa mkulima wa Kibosho, hapo ndipo safari ingeanza.

4. "Takwimu zaidi, ulinzi zaidi"

Watanzania wengi wanawajua vyura wa Kihansi, angalau kwa utani wa "vyura waliopanda ndege". Utani huo unaficha somo. Bwawa la umeme wa maji la Kihansi, katika milima ya Udzungwa, lilikuwa tayari linajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wakati watafiti walipomgundua mwaka 1996 chura mdogo anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Mitambo ilipoanza kazi na maji kugeuzwa njia, manyunyu yakapotea karibu yote. Mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa katika bustani za wanyama Marekani, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia ili kuiga kile ambacho maporomoko yalikuwa yakifanya bure. Mwaka 2003 waliobaki wakafa kwa wingi. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Tangu 2012 vizazi vya wale wa Marekani vimekuwa vikirudishwa.

Ni viumbe wachache wa nchi hii waliotafitiwa kama yule chura: ngozi yake, ugonjwa wake wa ukungu, chakula chake, kuzaa kwake. Kwa hesabu ya machapisho ni nyota. Lakini swali pekee ambalo jibu lake lingemwokoa, yaani nani anaishi katika korongo hili kabla hatujageuza maji, lilijibiwa baada ya mkataba kusainiwa. Takwimu zilizochelewa huandika wasifu wa marehemu, na wasifu wa marehemu huchapishika vizuri sana. Taasisi inayojisifu kwa wingi wa data haina budi kuulizwa data hizo zilifika mezani siku gani: kabla ya sahihi au baada yake? Grafu ya nguzo haina tarehe hiyo.

5. "Utafiti ukileta matokeo, ni baraka"

Hadi hapa mtu anaweza kudhani ninalalamika kwamba utafiti hauna matokeo. Hapana. Mara nyingine unayo, tena mazito, na hapo ndipo kipimo cha makala kinapokuwa si kibovu tu bali cha hatari, kwa sababu kinaficha nani aliyelipa.

Nenda Derema, Usambara Mashariki. Wanabiolojia walionyesha kwamba msitu ule ni kiungo kati ya misitu ya Amani na ile ya kaskazini, na kwamba ukikatika viumbe watabaki visiwani. Hoja ilikuwa ya kweli na serikali ikaisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mipaka ikapigwa. Chini ya miti ile, hata hivyo, kulikuwa na iliki. Iliki hupenda kivuli. Mkulima huacha miti mikubwa na kusafisha chini, na kwa kaya nyingi za milima ile ndiyo iliyokuwa zao la fedha taslimu, la ada na la bati. Wakulima zaidi ya 1,000 walipoteza mashamba yao. Fidia ilikuja kwa mafungu ya miaka, na ardhi mbadala, iliyotafutwa chini kwenye joto la Muheza ambako iliki haioti, ilichelewa zaidi.

Kwenye ripoti ya uhifadhi Derema ni mstari mmoja wa ushindi: ushoroba umelindwa, ushahidi wa kisayansi umetumika. Mstari huo ni wa kweli. Ni wa kweli kama risiti inayoonyesha bidhaa bila kuonyesha bei.

Rudi Kilimanjaro. Mwaka 2001 uchunguzi kwa ndege, ulioungwa mkono na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ulipiga ramani ya majeraha ya msitu: mikamfa iliyokatwa, matanuru ya mkaa, mashamba ndani ya hifadhi. Tazama kejeli: moja ya kazi zilizousukuma sana ulinzi wa msitu huu haikuwa makala ya jarida bali ripoti yenye ramani, kitu ambacho mhadhiri hapati nacho cheo. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa, pamoja na ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 mahususi ili vijiji vipate kuni, mbao na majani.

Majani yale yana hesabu yake. Kihamba cha Mchagga hakina malisho. Ng'ombe hufungwa zizini na kukatiwa. Majani huwa mbolea, mbolea hulisha migomba, migomba huitia kahawa kivuli, na kivuli hicho ndicho kinachowahifadhi popo na ndege wa sehemu ya tatu ya makala hii. Mama anayerudishwa na askari wa hifadhi akiwa na mzigo wa majani kichwani ni kiungo katika mnyororo uleule tunaosema tunaulinda. Na mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huo wa kihamba, huko Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mkono mmoja unautunuku mfumo cheti, mwingine unaufungia lango la majani. Mikono yote miwili inanukuu utafiti.

Sisemi msitu ungeachwa ukatwe. Waliokata mikamfa kwa ajili ya soko la mjini hawakuwa wakitafuta majani ya ng'ombe. Ninasema utafiti uliotoa hoja ya kufunga ungepaswa kubeba pia hesabu ya waliofungiwa, kwa kaya na kwa mwaka, katika kurasa zilezile. Anayedai sifa ya matokeo achukue na deni lake.

6. "Sayansi ni ya muda mrefu, subirini"

Hoja hii ndiyo ninayoikubali zaidi, na ndiyo inayoiumiza zaidi imani ninayoipinga. Twende Amani, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya biolojia na kilimo mwaka 1902. Ni taasisi ya utafiti ya mlimani iliyokomaa kiasi cha kuhukumiwa kwa miaka mia.

Katika bustani zake ulipandwa, yapata mwaka 1913, mti wa kigeni kwa milima ile uitwao Maesopsis eminii. Ulikua haraka, ukapendeza. Miongo kadhaa baadaye, baada ya msitu kufunguliwa kwa ukataji wa mbao, mti huo ulisambaa ndani ya msitu wa asili na kuwa tatizo ambalo wahifadhi wa Usambara Mashariki wamelihangaikia hadi leo. Hayo nayo ni matokeo ya utafiti.

Katika taasisi hiyohiyo, chini ya Waingereza, H. H. Storey na wenzake walianza miaka ya 1930 kupambana na ugonjwa wa batobato ya muhogo. Walichanganya muhogo na jamaa yake wa porini, Manihot glaziovii, kisha wakazichanganya mbegu zao tena na tena na muhogo wa shambani. Kazi ilipita vita, kuhamishwa na kubadilishwa mabosi. Uzao wa kazi hiyo ulifika Nigeria, na katika miaka ya 1970 wazalishaji wa mbegu wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Ibadan, wakatumia aina moja iliyotokana nao, namba 58308, kuzaa mihogo yenye ukinzani ambayo imelisha mamilioni ya watu. Yapata miaka 40 kutoka Amani hadi kwenye sahani ya muhogo.

Sasa iweke kazi hiyo kwenye mzani wa leo. Ruzuku ya miaka mitatu ingeisha bila "matokeo". Tathmini ya katikati ingeuliza makala ziko wapi. Batobato haikushindwa kwa kunukuliwa. Ilishindwa kwa pingili zilizokwenda mkono hadi mkono, kutoka kituo hadi kituo, na kwa watu waliolipwa kuendelea na kazi isiyo na fahari. Kwa hiyo wanaosema tusubiri wana haki, ila waambiwe na wao: kama sayansi ni ya muda mrefu, mbona mnaipima kila Desemba? Huwezi kuomba subira ya miaka 40 kwa mkulima na papohapo ukadai bonasi ya mwaka huu kwa makala. Na hesabu ya makala ya miaka ile isingeweza kukuambia lipi kati ya yale mawili, muhogo au Maesopsis, litakuja kubarikiwa na lipi litakuja kulaaniwa.

7. "Basi tutaandika simulizi za matokeo"

Nasikia jibu la wajanja: tumeelewa, kuanzia mwaka ujao kila mradi utaandika simulizi ya mafanikio. Uingereza ilishajaribu. Katika tathmini yake ya utafiti ya mwaka 2014, athari nje ya chuo zilipewa asilimia 20 ya alama, na vyuo vikawasilisha simulizi 6,975. Mwaka 2021 uzito ukapanda hadi asilimia 25. Ikazaliwa taaluma ya kuandika simulizi, pamoja na washauri wake wa kulipwa. Kila simulizi ina shujaa, na shujaa ni mtafiti. Hakuna chuo kinachowasilisha simulizi ya Derema iliyoandikwa na mkulima wa iliki. Ukibadilisha grafu kwa hadithi na ukamwachia msimuliaji yuleyule, umebadilisha mwandiko tu.

Kinachotakiwa ni kigumu zaidi na kifupi zaidi. Kila taasisi inayokula kwa jina la mlima ijibu maswali manne katika ripoti yake ya mwaka. Uamuzi gani ulibadilika mlimani kwa sababu yenu, na nani aliyeufanya, kwa tarehe? Nani alipoteza kitu kwa uamuzi huo, kiasi gani, na amelipwa? Nini kimebaki vijijini kwa Kiswahili, mikononi mwa nani? Na lipi mlilogundua mkajaribu kulifikisha likashindikana, na liligota wapi?

Swali la nne ndilo litakalopingwa zaidi, kwa sababu linataka kukiri kushindwa mbele ya mfadhili. Lakini ndilo lenye faida kuliko yote. Tukijua kwamba onyo la moto liligota kwenye mkataba wa makampuni ya utalii, au kwamba habari ya popo iligota kwa sababu ofisa ugani ana kata tatu na hana pikipiki, tumejua pa kupeleka fedha. Grafu ya nguzo zinazopanda haijui kata wala pikipiki.

Na majibu hayo yasihakikiwe na mhakiki wa Bergen peke yake. Yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, yasomwe, yaulizwe maswali, na mihtasari yake iambatishwe kwenye ripoti kama viambatisho vingine. Wataalamu watasema wanakijiji hawana utaalamu wa kuhakiki sayansi. Hawatahakiki sayansi. Watahakiki kama jambo lililoandikwa kwamba limetokea kwao, lilitokea. Kwa kazi hiyo hakuna jarida duniani lenye wahakiki bora kuliko wao.